Nani Anamsubiri Nani? Uhakiki wa Dhana ya Wakati Halisi katika Michezo na Madarasa ya Mtandaoni

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dhana ya wakati halisi kama inavyodhihirika katika programu tumizi za aina mbili: michezo ya kompyuta inayochezwa na watu wengi kupitia intaneti, na madarasa ya mtandaoni. Data zimetokana na maandishi ya wahandisi walioshiriki kuunda michezo ya Age of Empires na Half-Life, pamoja na uchunguzi wa programu za kufundishia za BigBlueButton, Kahoot na Kolibri. Uhakiki umeongozwa na dhana za fanani, hadhira na utendaji kutoka katika fasihi simulizi. Hoja inayojengwa ni kwamba wakati halisi si kasi, bali ni mapatano kuhusu nani anamsubiri nani. Waundaji wa michezo waliyaweka mapatano hayo wazi mapema kwa sababu walitarajia mtandao uwaangushe. Madarasa ya mtandaoni, kwa sehemu kubwa, yamechukua mapambo ya michezo, yaani alama, saa na orodha ya washindi, na kuyaacha mapatano yenyewe.

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita mwandishi wa makala haya alikuwa msaidizi wa kufundisha katika semina iliyoendeshwa kwa njia ya mtandao. Sehemu ya alama ilitolewa kwa ushiriki. Mwanafunzi mmoja alihudhuria akiwa kijijini kwao, kwa simu janja na bando la kujinunulia. Majibu yake yaliingia katika kisanduku cha mazungumzo wakati mada imekwisha kubadilika. Mara mbili jibu lake lilifuata la mwenzake kwa maneno yanayokaribiana, akaonekana amenakili. Mwisho wa muhula mwandishi alimpa alama 4 kati ya 10. Siku chache baadaye mwanafunzi yule alileta picha za skrini alizokuwa akizipiga kila mara kabla ya kutuma ujumbe. Saa iliyoonekana juu ya skrini ilionyesha kwamba alikuwa akijibu mapema kuliko wengi. Wakati huo alama zilikuwa zimekwisha kuwasilishwa.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mwanafunzi huyu alikuwepo. Lake ndilo halikuwepo. Tukio hilo ndilo lililozaa swali la makala haya: je, programu inapodai kuwaleta watu pamoja katika wakati halisi, ni wakati wa nani unaohesabiwa kuwa halisi? Swali hili mara nyingi huachiwa wahandisi, ilhali jibu lake huamua nani asikike, nani aonekane mvivu na nani afaulu. Kwa mantiki hiyo, ni swali la mhakiki pia.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Kiswahili kina maneno matatu yanayozunguka dhana hii, na kila moja lina mtazamo wake. Neno mubashara limezoeleka katika redio na runinga: upande mmoja hutangaza, upande wa pili hupokea. Matangazo ya mpira yakimfikia msikilizaji baada ya sekunde tano, goli halibadiliki. Maneno papo kwa papo yanafahamika kwa wanafasihi kama sifa ya utungaji unaofanyika mbele ya hadhira, ambapo mwitiko wa hadhira huweza kubadili kazi yenyewe. Wakati halisi ni istilahi ya kompyuta. Kwa wahandisi, mfumo wa wakati halisi ni ule ambao usahihi wake hutegemea muda: jibu lililo sahihi likifika baada ya muda uliopangwa, huhesabiwa kuwa kosa. Mwanafunzi aliyetajwa hapo juu alihukumiwa kwa maana hii ya tatu bila yeye wala mwalimu wake kujua.

Makala haya yanapendekeza kwamba programu hizi zisomwe kama utendaji. Katika ngano, fanani hutamka "Paukwa!" na hadhira huitikia "Pakawa!" Kiitikio hicho hakipo kwa ajili ya urembo tu. Ni ithibati kwamba hadhira ipo, imeamka na iko tayari. Fanani asipopata kiitikio cha kuridhisha hurudia, tena kwa sauti kubwa zaidi, na hadithi haianzi. Kutokana na desturi hiyo yanapatikana maswali matatu yatakayoongoza uhakiki huu. Kwanza, je, programu inajua nani yupo na nani amechelewa? Pili, inamsubiri aliyechelewa kwa muda gani? Tatu, gharama ya kusubiri inabebwa na nani?

3.0 Michezo: Njia Mbili za Kusubiri

Ni vyema kuanza na mpaka ambao fedha haziwezi kuuondoa. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni takriban kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo ujumbe wa kwenda na kurudi hauwezi kuchukua chini ya milisekunde 75, na kebo za baharini hazipiti katika mstari ulionyooka. Ongeza mnara wa simu, foleni za data katika vituo vya njiani na simu yenyewe, na muda huo hukua mara kadhaa. Kwa hiyo kuchelewa ni sehemu ya mandhari ya kazi hizi. Tofauti kati ya kazi moja na nyingine ni namna kila moja inavyoipokea hali hiyo.

3.1 Kumsubiri wa Mwisho: Age of Empires

Mchezo wa Age of Empires ulitolewa mwaka 1997 na studio ya Ensemble. Mwaka 2001 wahandisi wake wawili, Paul Bettner na Mark Terrano, waliandika makala kuhusu namna walivyouwezesha kuchezwa na watu hadi wanane kupitia modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde. Walikokotoa kwamba kama wangetuma hali ya kila askari, yaani mahali alipo, anakoelekea na majeraha yake, wasingevuka askari 250 wanaotembea. Ilhali walitaka vita vikubwa zaidi ya hapo. Suluhisho lao lilikuwa kutotuma picha ya vita kabisa. Kila kompyuta iliendesha vita vyote yenyewe, na kilichosafiri katika mtandao kilikuwa amri za wachezaji tu: kundi hili liende kule, jengo hili lijengwe pale.

Mpango huo unafaa tu ikiwa kila kompyuta inatekeleza amri zile zile katika zamu ile ile. Kwa hiyo muda uligawanywa katika zamu za takriban milisekunde 200, na amri iliyotolewa katika zamu moja ilitekelezwa zamu mbili baadaye, ili iwahi kufika kwa wote. Zaidi ya hayo, urefu wa zamu ulibadilishwa kulingana na mashine iliyo dhaifu na mtandao ulio mzito kuliko yote katika kundi. Kwa lugha ya fasihi simulizi, hadithi haikusonga hadi kila mmoja awe ameitikia.

Kuna matokeo mawili katika makala yao ambayo mhakiki hapaswi kuyapita. La kwanza ni kwamba wachezaji hawakutambua kuchelewa kwa milisekunde 250, na waliweza kucheza vizuri hata kati ya 250 na 500. La pili lina uzito zaidi: wachezaji walipendelea kuchelewa kusikobadilika kuliko kasi inayopanda na kushuka. Kusubiri nusu sekunde kila mara kulivumilika. Kusubiri kidogo mara hii na sana mara ijayo kulikera. Hili linaonyesha kwamba mchezaji hujenga matarajio, na akishayajenga huishi nayo. Kinachomwumiza ni kutojua, kuliko hata kusubiri kwenyewe.

Njia hii ina udhaifu wake. Kumsubiri wa mwisho kunawezekana watu wakiwa wanane; wakiwa mia tatu, daima kuna mmoja ambaye bando lake limekwisha. Aidha, gharama ya kusubiri hubebwa na wote kwa usawa, na aliye na mtandao mzuri anaweza kulalamika kwamba anaadhibiwa kwa umaskini wa mwenzake.

3.2 Kurudisha Saa Nyuma: Half-Life

Michezo ya kulenga shabaha haiwezi kusubiri nusu sekunde. Tangu QuakeWorld ya mwaka 1996, suluhisho limekuwa ubashiri: mchezaji akibonyeza kitufe cha kwenda mbele, kompyuta yake humsogeza mara moja bila kungoja ruhusa ya seva, kisha humsahihisha iwapo seva itasema vingine. Mwaka 2001 Yahn Bernier wa kampuni ya Valve alieleza hatua iliyoongezwa katika Half-Life. Seva inapopokea taarifa kwamba mchezaji amefyatua risasi, hukadiria taarifa ile ilichelewa kwa muda gani, huwarudisha wachezaji wengine mahali walipokuwa wakati mfyatuaji alipokuwa akiwaona, ndipo huamua kama risasi imempata mtu. Kwa maneno mengine, seva humhukumu mchezaji kwa alichokiona yeye, hata kama ulimwengu wa seva umekwisha kusonga mbele.

Bernier hafichi gharama ya uamuzi huo. Mchezaji aliyekwisha kujificha nyuma ya ukuta anaweza kufa kwa risasi ambayo, kwake yeye, imepinda kona. Anaeleza kwamba waliichagua dhuluma hiyo ndogo ili kuepuka kubwa zaidi, ya kumlazimisha mwenye mtandao mzito kulenga mahali ambapo adui hayupo. Ubora wa kazi hii kiuhakiki upo hapo. Dhuluma haikuondolewa, lakini imetajwa, imepimwa, na imewekewa mipaka: katika injini ya Source iliyofuata, seva kwa kawaida hairudi nyuma zaidi ya sekunde moja.

Kwa hiyo michezo hii miwili inajibu maswali yetu matatu kwa njia zinazopingana, lakini yote inajibu. Mmoja humsubiri wa mwisho na kuwagawia wote gharama. Mwingine haumsubiri mtu, bali hurudi nyuma kumtafuta aliyechelewa, na gharama humwangukia aliyewahi. Hakuna mchezo kati ya hiyo unaojifanya kwamba wote wamefika pamoja.

4.0 Darasa la Mtandaoni

Haki itendeke kwanza. Mitambo ya sauti na video inayobeba madarasa haya imeundwa kwa umakini mkubwa: hupunguza ubora wa picha ili sauti isikatike, na huhifadhi kipande kifupi cha sauti ili isikike bila kukatakata. Kasoro zinazojadiliwa hapa zipo katika darasa lililojengwa juu ya mitambo hiyo: ubao, chemshabongo, mkono ulioinuliwa na kisanduku cha mazungumzo.

4.1 Picha Badala ya Amri

Mwalimu anapoonyesha slaidi zake kwa kushiriki skrini, programu hutuma video ya ukurasa ambao mara nyingi haubadiliki kwa dakika kadhaa. Hili ndilo kosa ambalo Bettner na Terrano walilikwepa: kutuma hali ya kila askari wakati amri moja ingetosha. Slaidi ingeweza kupakuliwa mara moja, kisha kilichosafiri kikawa amri tu: fungua ukurasa wa saba, chora mstari kutoka hapa hadi pale.

Si kwamba njia hiyo haijulikani. BigBlueButton, iliyoanzia katika Chuo Kikuu cha Carleton nchini Kanada mwaka 2007, huzipokea slaidi kama faili, huwapelekea washiriki kurasa zake, na kisha husafirisha michoro na mwendo wa kishale kama matukio madogo. Mwanafunzi ambaye mtandao wake umeyumba hubaki na ukurasa wa mwisho ukisomeka vizuri. Hata hivyo, programu hiyo hiyo humpa mwalimu kitufe cha kushiriki skrini, na walimu wengi hukizoea kwa kuwa ni chepesi kwao. Hapa swali la tatu linapata jibu la kusikitisha: urahisi wa mmoja hulipiwa kwa bando la wengi.

4.2 Saa ya Nani?

Kahoot, iliyozaliwa Norway na kufunguliwa kwa umma mwaka 2013, ni mfano mzuri wa mchezo na somo kukutana. Darasa huchangamka, na hilo si jambo dogo. Katika kanuni yake ya kawaida, jibu sahihi hupewa hadi alama 1,000, na alama hizo hupungua kuelekea nusu kadiri muda wa swali unavyokwisha. Kanuni hii iliyafaa mazingira ya chumba kimoja, ambapo wote hutazama ukuta mmoja. Inapohamishiwa kwa wanafunzi waliotawanyika, swali huzuka: saa huanza kuhesabu lini? Ni pale mwalimu anapofungua swali, au pale swali linapofika kwenye simu ya mwanafunzi?

Hesabu ni rahisi. Chukua chemshabongo yoyote yenye kanuni ya namna hiyo, swali likipewa sekunde 20, na saa ikianzia kwa mwalimu. Mwanafunzi ambaye ujumbe wake hutumia sekunde 2 kwenda na kurudi atapoteza alama 50 kwa kila jibu sahihi. Baada ya maswali kumi atakuwa amepoteza alama 500, yaani nusu ya swali zima, bila kukosa hata moja. Orodha ya washindi itamweka chini ya mwenzake anayejua kiasi kile kile. Tofauti hiyo itaitwa wepesi wa kufikiri, ilhali ni umbali wa mnara.

Tiba ya Bernier inafaa hapa, lakini kwa tahadhari. Simu ikiachwa iseme yenyewe ilijibu lini, mwanafunzi mjanja ataidanganya saa yake. Ndiyo maana seva ya mchezo hukadiria ucheleweshaji yenyewe na kuweka kikomo. Darasa linaweza kufanya vivyo hivyo: kumpa kila mwanafunzi muda wake kuanzia swali lilipomfikia, na kufidia ucheleweshaji uliopimwa na seva hadi kikomo kinachojulikana kwa wote. Mwalimu wa semina iliyotajwa katika utangulizi angekuwa na kipimo hicho mbele yake, huenda asingeandika 4.

4.3 Fahari ya Idadi

Fani ya tatu inayostahili kuhakikiwa ni ile ya matangazo ya wahandisi kuhusu uwezo wa mifumo yao kuhimili wingi wa watumiaji. Erlang, lugha iliyoanza kubuniwa katika kampuni ya Ericsson mwaka 1986 kwa ajili ya mitambo ya simu, iliiwezesha WhatsApp mwaka 2012 kutangaza viunganishi milioni 2 katika seva moja. Mwaka 2015 waundaji wa Phoenix, mfumo uliojengwa juu ya msingi huo huo, walitangaza idadi kama hiyo ya viunganishi vya WebSocket katika seva yenye viini 40 na kumbukumbu ya gigabaiti 128. Haya ni mafanikio ya kweli, na hoja iliyo nyuma yake ni nzuri: kila mtumiaji hupewa mchakato wake mdogo, ukianguka hauwaangushi wengine.

Hata hivyo, ni muhimu kuuliza hadhira ya majaribio hayo ni nani. Katika jaribio la Phoenix, watumiaji walikuwa programu zilizoendeshwa katika seva nyingine, zenye umeme na mtandao usiokatika. Hakuna aliyepanda daladala akapoteza mnara. Hakuna aliyezimiwa simu na mvua iliyokata umeme. Ni sawa na fanani anayejisifu kwamba hadhira yake milioni iliitikia pamoja, kumbe aliitikiwa na mwangwi. Idadi ya viunganishi vilivyo wazi inajibu swali la seva inaweza kubeba wangapi. Haijibu wangapi kati yao wanaweza kusikika.

Hata makadirio ya wingi wenyewe huweza kushindwa. Pokémon GO ilipozinduliwa Julai 2016, mzigo wa hali mbaya kabisa ulikadiriwa kuwa mara 5 ya lengo. Mzigo uliofika ulikuwa mara 50. Mchezo uliokwama jioni moja huchezwa kesho. Mtihani uliokwama haurudi kwa urahisi hivyo.

5.0 Mjadala

Pingamizi la kwanza linaloweza kutolewa ni kwamba darasa halihitaji milisekunde za mchezo wa shabaha. Hilo ni kweli, na ndilo linalolifanya kosa likose udhuru. Mchezo una robo ya sekunde ya kupanga haki. Darasa lina sekunde tano, kumi, hata dakika. Mwenye nafasi kubwa zaidi ndiye aliyejali kidogo zaidi.

Pingamizi la pili ni kwamba kusubiri hakuendani na wingi, kama ilivyokiriwa katika 3.1. Jibu ni kwamba wingi hauna budi kugawanywa. Wanafunzi mia tatu si hadhira moja ya mazungumzo. Wanaweza kusikiliza pamoja na kujadiliana wanane wanane, kila kundi likienda kwa mwendo wa mtu wake wa mwisho. Mifumo iliyotajwa katika 4.3 inafaa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa kuendesha vikundi vingi vidogo bila kuingiliana ndiko ilikozoea.

Pingamizi la tatu husema tiba ni kuboresha mtandao. Uboreshaji umefanyika. Kebo za SEACOM na TEAMS zilifika pwani yetu mwaka 2009, na EASSy ikaanza kazi mwaka 2010. Lakini tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika, na huduma ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Siku hiyo hata mwenye ofisi iliyo katikati ya jiji alipata kuonja maisha ya mwanafunzi wa kijijini. Programu iliyojengwa kwa kudhani mtandao upo daima ilikufa. Iliyojengwa kwa kudhani mtandao huondoka iliendelea. Kolibri, programu ya asasi ya Learning Equality, ni ya kundi hili la pili. Masomo hukaa katika kompyuta ya shule, wanafunzi huyafikia bila intaneti, na kumbukumbu zao hulinganishwa na za mahali pengine mtandao unapopatikana. Haidai wakati halisi, na haikusudii kuchukua nafasi ya mjadala. Lakini kwa swali la kwanza kati ya maswali yetu, yaani kujua nani yupo, inajibu kwa ukweli kuliko programu nyingi zinazodai hivyo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba wakati halisi ni mapatano. Age of Empires na Half-Life ziliyaandika mapatano hayo ndani ya msimbo, kila moja kwa namna yake, na waundaji wake wakayaeleza hadharani pamoja na dhuluma zilizobaki. Madarasa ya mtandaoni yana haja ya ukweli wa namna hiyo. Inapendekezwa kwamba programu ya kufundishia imwonyeshe mwalimu ucheleweshaji wa kila mwanafunzi kandoni mwa jina lake; itume amri pale amri inapotosha; ianze saa ya mtihani pale swali linapomfikia mtahiniwa; na ipimwe kwa simu zilizo katika mtandao mbovu kabla ya kutangaza idadi yoyote.

Kabla ya hayo kutekelezwa, mwalimu ana uwezo wa kufanya jambo moja lisilohitaji msimbo. Baada ya kuuliza swali, asimteue wa kujibu hadi awe amepata kiitikio kutoka kwa kila aliyepo, hata ikiwa ni herufi moja katika kisanduku cha mazungumzo. Mwandishi hufanya hivyo sasa. Semina huchukua muda mrefu zaidi, na baadhi ya wanafunzi hulalamika. Alama 4 aliyoitoa zamani bado iko katika rekodi.